Bahasha Namba Nane

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya mwisho ya kupeleka miswada. Nimemaliza sura ya saba saa nne na robo asubuhi! Sura nyingine kumi na moja zilichapwa tangu mwezi uliopita. Hii moja, ya katikati, ndiyo iliyokuwa imenigomea. Mkono umekufa ganzi. Kipaji kiko palepale.

Mwaka huu ni wa kufa na kupona. Niandike sababu, wajukuu wasije wakasema babu alikuwa na kiherehere tu. Chama chetu cha Waandishi wa Hadithi za Kesho (vyombo vya angani, mashine zinazofikiri, watu wa karne ijayo) hutoa Nyota ya Shaba kwa riwaya bora ya mwaka. Wanaoikaribia hupewa cheti cha Kutajwa kwa Heshima. Mimi nimetajwa mara sita. Vyeti viko chini ya godoro, vinazuia chaga isilie. Na katiba ya chama inasema mwanachama akitajwa mara ya saba bila kushinda, anafanywa Mlezi wa Chama. Mlezi anapewa kiti cha mbele. Anapigiwa makofi. Haruhusiwi kushindana tena maisha yake yote. Yaani wanakuzika huku unatabasamu.

Kwa hiyo ni nyota au kiti.

Nimeikimbiza sura ya saba kwa mchapaji, yule dada wa duka la kopi. Ameinua karatasi kwenye mwanga, akaigeuza juu chini, akauliza kama haya ni maandishi au kuku amepita. Nimemwambia muda hakuna, achape, panapomshinda atumie akili yake. Saa tisa alasiri akanipa kazi nzima, imebanwa vizuri. Sikuisoma. Mpishi hodari haonji.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu amekataa kuondoa nyuzi zake za cherehani kwenye kibao. Kibao hicho nilikipigilia ukutani miaka kumi na minne iliyopita kwa ajili ya nyota. Nimemkumbusha. Akasema nyuzi zinafanya kazi kila siku, hiyo nyota inafanya kazi gani? Mwanamke hana maono. Ila shati langu la sherehe amelibadilisha kola bila kuombwa, na nimeona.

Jioni nikamtembelea Katibu wa chama. Ni mfamasia, anaendesha fasihi yetu nyuma ya duka la dawa, katikati ya makasha ya pamba. Mwandiko wangu ni yeye tu anayeusoma, maana amezoea vyeti vya madaktari. Nimemkuta na kalamu nene nyeusi, anafuta majina.

Huu ndio utaratibu wetu. Tuko washindani wanane, na hatuna fedha za kuleta majaji, hivyo tunasomana wenyewe. Kila mswada hutolewa kurasa kumi za katikati, nakala mbili. Majina yote ya watu na sayari hufutwa ili mtu asimtambue rafiki yake. Kila mshindani hupewa kurasa za wenzake wawili, si zake kamwe, na anatoa alama kati ya sifuri na kumi pamoja na maoni. Alama za wasomaji wawili zinajumlishwa. Ukifika kumi, unatajwa. Ukiwa juu ya wote, nyota ni yako.

Nilitazama zile bahasha zimepangwa mezani, na wazo likanijia. Nikasema Katibu amechoka, macho yamemwiva, niachie mimi kazi ya kuzisambaza kwa wanachama. Akanishukuru sana. Akanipa na dawa ya kikohozi bure.

Alhamisi, 7 Machi

Imefanyika!

Nimekaa kwenye benchi nyuma ya stendi ya teksi, nikafungua bahasha moja baada ya nyingine. Nilikuwa natafuta vitu viwili tu. Kwanza, kazi yangu, niipe kumi. Pili, kazi ya Nyota Tatu, niipe anachostahili.

Nyota Tatu ni mwalimu wa jiografia. Ameshinda mara tatu, ndiyo maana ya jina. Nyota zake ameziweka kwenye dirisha la mbele ili wauza maziwa wazione. Akikutana nami huniuliza kwa upole naendeleaje na uandishi, kama vile ninaumwa.

Yangu niliitambua mara moja. Namba tatu. Injini ya chombo inaharibika angani! Kurasa kumi za injini tupu, valvu kwa valvu. Ndivyo ilivyo sura yangu ya saba. Kwenye karatasi ilisomeka tofauti kidogo na nilivyoikumbuka, lakini kitu kikichapwa hubadilika sura, sawa na mtu akinyoa. Na nani mwingine katika chama hiki angefikiria injini kuharibika?

Ya Nyota Tatu ni namba nane. Ushahidi uko wazi. Nahodha wa chombo na mkewe wamo jikoni, wanagombana nani ataosha vyombo. Kurasa kumi! Ulimwengu mzima uko nje ya dirisha, nyota zinazaliwa na kufa, wao wanaulizana sufuria ya jana iliachwa na nani. Huyo ni mwalimu wa jiografia mtupu. Mtu aliyepewa dunia, akatazama sinki.

Nimechukua tatu na nane. Mbili nilizopangiwa nimewagawia wengine. Hakuna aliyeniona, isipokuwa dereva mmoja wa teksi, naye alidhani naiba barua.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika maoni tangu asubuhi. Sikujua nina uwezo huu.

Namba tatu: kumi. Nimesema mwandishi huyu ni jua, sisi wengine ni vibatari. Nimesema asipopewa nyota, basi nyota zote zirudi kwa fundi zikayeyushwe ziwe bawaba. Nimemaliza kwa kumsihi asiache kuandika hata siku moja, kwa maana karne ijayo inamngoja.

Namba nane: sifuri. Nimesema mwandishi huyu ni nyani asiyeona kundule. Nimemshauri atafute kazi nyingine, pengine ya kuosha vyombo, kwa kuwa ndiko moyo wake uliko.

Nilimsomea mke wangu kipande. Akauliza huyo wa namba nane amenikosea nini. Nikamjibu hii ni fasihi, hakuna ubinafsi. Akasema basi nimsomee hizo kurasa zenyewe. Nikamwambia hazina maana, nisimpotezee muda.

Jumatatu, 11 Machi

Habari njema! Nimekutana na Nyota Tatu kwenye foleni ya kulipia maji. Ameniambia kwa siri kwamba amechoka. Mwaka huu ameandika kwa kujilazimisha. Asipopata nyota ataweka kalamu chini na kufuga kuku wa mayai. Banda ameshajenga.

Nilimshika bega. Nikamwambia kuku ni wazo zuri mno. Nikamweleza hata aina ya chakula. Nimerudi nyumbani napiga mluzi, nikazihamisha nyuzi zote kutoka kwenye kibao nikaziweka ndani ya ndoo.

Saa moja baadaye zilikuwa zimerudi kwenye kibao. Ndoo nilikabidhiwa mimi, nikachote maji.

Jumamosi, 16 Machi

Sina hali. Naandika kwa sababu daktari wa moyo ni ghali.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa shule. Viti vya wanafunzi, magoti yanagusa kidevu. Kiti cha Mlezi kilikuwa mbele peke yake, kina mto mwekundu. Nilikaa mbali nacho, upande wa pili wa ukumbi, na bado nilihisi kinanitazama.

Katibu akasimama na koti lake jeupe la dukani. Akasema mshindi ni namba tatu! Alama kumi na nne! Nilishasimama. Nilishafunga kifungo cha koti. Nilishapita safu mbili na kumkanyaga kinyozi, mshindani mwenzetu, ambaye alinipa pole kwa kudhani naenda chooni.

Na Katibu akataja jina la Nyota Tatu.

Sikuelewa. Nilibaki nimesimama katikati ya ukumbi, mkono umenyooka. Nyota Tatu alipita, akaukuta, akautikisa kwa furaha. Watu wakapiga makofi kwa uungwana wangu.

Halafu Katibu akasema msomaji mmoja alimpa nne tu, lakini wa pili alimpa kumi, tena kwa maoni ya namna ambayo chama hakijawahi kuyaona. Akayasoma yote! Bila kukwama hata kwenye neno moja! Alipofika kwenye vibatari ukumbi ulisimama. Alipofika kwenye karne ijayo, Nyota Tatu alikuwa analia waziwazi. Akachukua kipaza sauti. Akasema alikuwa ameamua kuacha. Akasema hamjui ndugu huyo aliyeandika maneno hayo, ila kwa ajili yake kuku watasubiri. Ataandika mfululizo. Vitabu kumi na viwili.

Kumi na viwili!

Kisha Katibu akaongeza neno la masikitiko. Kulikuwa na mswada mmoja ambao msomaji wa kwanza aliupa tisa, akaandika kwamba alicheka mpaka akaamsha mtoto. Msomaji wa pili akaupa sifuri. Jumla tisa. Haukufika hata kutajwa. Akasema laiti huyo wa pili angeupa hata sita, leo tungekuwa tunampongeza mtu mwingine. Ukumbi ukaguna. Mimi pia niliguna, na kwa sauti. Nilisema wapo watu wana roho mbaya.

Wasiotajwa huchukua bahasha zao mlangoni. Katibu akanipa yangu. Alinitazama kupitia juu ya miwani, anavyomtazama mtu anayerudi kununua dawa ileile kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja.

Namba nane. Na juu yake, kwa pini, karatasi ya maoni. Kwa mwandiko wangu.

Jumapili, 17 Machi

Nimeamkia kwa mchapaji kabla hajafungua duka. Nilitaka maelezo. Amenieleza bila wasiwasi wowote. Katika sura nzima ya saba aliweza kusoma neno moja tu, nahodha. Mimi nilimwambia panapomshinda atumie akili yake, akaitumia. Na siku hiyo alikuwa ametoka kugombana na mumewe kuhusu vyombo. Akauliza kama nimependa.

Nilirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Akaona bahasha, akaichukua, akaanza kusoma kwa sauti. Pale nahodha anaposema sufuria si yake, aliweka pasi pembeni. Pale mke wa nahodha anapomuuliza kama anangoja sayari ijisugue yenyewe, alikaa sakafuni. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kola ya shati langu la sherehe. Akasema katika miaka yote ya ndoa yetu, hiki ndicho kitu changu cha kwanza alichokimaliza. Akauliza tangu lini nimejua watu wanavyozungumza.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu siku za uchumba. Nikaufunga. Sifa ni sifa.

Kisha akafungua karatasi ya maoni. Aliusoma ule mstari wa nyani. Akautambua, kwa kuwa nilimsomea mwenyewe. Hakucheka tena. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akashika pasi.

Nililia kidogo. Si kwa ajili ya nyota. Ni ile tisa. Kuna mtu mahali fulani aliamsha mtoto wake kwa kucheka, na kitabu kilikuwa na jina langu, na mimi ndiye niliyekizamisha kwa mkono wangu.

Jumanne, 19 Machi

Nimelitafakari jambo hili siku mbili na nimeona mwanga.

Sikutajwa! Nilikuwa nalia juu ya neema. Tisa si kumi, na bila kumi hakuna kutajwa mara ya saba. Kiti chenye mto mwekundu hakinihusu. Kinyozi ndiye aliyetajwa, hiyo ikiwa mara yake ya tano, na anatembea kifua mbele bila kujua kaburi linamkaribia. Mimi mwakani nina haki zote za kushindana.

Nimechunguza pia kosa lilikuwa wapi. Si langu. Kosa ni kwamba sikuwa najua namna Nyota Tatu anavyoandika. Sasa najua. Anaandika injini! Kwa hiyo mwakani nikikuta bahasha yoyote yenye injini, sifuri, bila huruma, hata sisomi ukurasa wa pili. Katibu ameapa sitagusa tena kazi ya kusambaza, lakini nimeshaanza urafiki na yule atakayesambaza. Ni kinyozi. Nimenyolewa mara mbili tangu jana, sina nywele za kumpelekea tena.

Nimepita kwa mchapaji na kumpa onyo kali. Mwakani achape nilichoandika, neno kwa neno, asiongeze hata chumvi. Amekubali kwa sharti nijifunze kuandika herufi kubwa kubwa kama mtoto. Nimekubali. Safari hii watu watasoma ninachoandika mimi.

Mke wangu ameuliza kama yule nahodha na mkewe watarudi. Nimemwambia hapana, ule ulikuwa mchezo tu, sasa narudi kwenye fasihi yenyewe. Amehamishia nyuzi zilizobaki kwenye kibao. Sasa kimejaa.

Nimeanza riwaya mpya leo, baada ya chai. Herufi kubwa, safi, hata kipofu atapapasa aelewe. Sura nimezipanga zote. Ya saba, ile ya katikati, nimeshaiandika kwanza ili isinigomee tena. Injini inaharibika angani. Kurasa kumi.