Mbuzi wa Kumrudisha Beldina

Jumanne, 5 Agosti 2025

Mzee Achola, baba mkwe wangu, amepiga simu kutoka Luanda Kotieno. Jumamosi anamleta Beldina yeye mwenyewe, pamoja na mtoto wetu Winny. Atakaa, atakula, ataangalia binti yake anaishi vipi. Asiporidhika, anarudi naye. Hakupandisha sauti hata kidogo. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Kosa langu ni dogo. Nilifuga kambare ndani ya tangi lililo juu ya nyumba, lile linaloleta maji jikoni. Mradi mzuri kabisa. Beldina akafungua mfereji apike uji, akatoka mtoto wa kambare. Akafungasha nguo. Tangu hapo nyumba hii ya Migosi imenyamaza mpaka nasikia friji ikihema. Namkumbuka vibaya sana.

Sasa, mkwe halishwi nyama iliyofungwa kwenye gazeti. Kwetu hayo ni matusi. Lazima mnyama achinjwe hapa hapa nyumbani, kwa heshima yake. Mureithi, mwenye bucha hapo nje, amejitolea kuja kuchinja na kupasua. Nimekataa. Ni yeye aliyeniita Bwana Samaki mbele ya wateja. Nitafanya mwenyewe. Nimeshatazama video.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudi kutoka soko la Otonglo na mbuzi. Dume, mweusi, mwenye madharau. Nimemkumbatia kwenye pikipiki njia nzima. Dereva alisema tunapendeza. Kufika sebuleni, mbuzi amekula kalenda kuanzia Septemba.

Mureithi amekuja kumkagua bila kualikwa. Amekubali kwamba ni mbuzi. Halafu akaanza kunifundisha habari za nyongo: kifuko kidogo kinachoshikana na ini, ukikipasua tu nyama yote inakuwa chungu. Amerudia taratibu, kama anayemtuma mtoto dukani. Nimemwambia nyongo tunajuana zamani. Baada ya kuondoka nimetazama video tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikupaswa kumweka mbuzi ndani. Nimemweleza habari yote ya Beldina, naye amesikiliza kuliko ndugu zangu. Sasa siwezi kumtazama usoni. Nimenoa kisu. Akakinusa, kisha akanilamba mkono. Kazi ngumu hii.

Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Tumemchinja. Nasema tumemchinja kwa sababu mimi nilikuwa ndani nikitafuta sufuria, na Mureithi, aliyekuwa akipita tu, na kisu chake, alikuwa nje. Sufuria ilichukua muda kuonekana. Nilitoka macho mekundu. Nilisema ni kitunguu. Mureithi alitazama kando. Nimemshukuru na kumfukuza kwa adabu.

Kuchuna kumekwenda vizuri, matundu machache tu. Tumbo likafunguka. Nikaona ini. Nikaona na kale kafuko ka kijani. Nikakashika kwa vidole viwili, polepole, kama kwenye video. Simu ikaita. Nikaibana kati ya sikio na bega. Beldina! Wamefika mjini, wanakuja, na Winny anauliza kama baba yuko. Furaha ikanipanda mpaka kwenye vidole. Nikavikaza.

Ini, mbavu, miguu ya mbele na ya nyuma, vyote kijani. Nimeosha. Nimekamua ndimu. Nimeosha tena. Nimeonja. Mdomo umejikunja kama soksi. Nyama nyingine sina, na wageni wako njiani. Nimebandika sufuria hivyo hivyo. Nimeomba, nikakumbuka kwamba Mungu ananijua.

Jumamosi, jioni

Mzee Achola alinawa, akaombea chakula, akachukua ini kwanza. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Beldina hakutazama nyama, alinitazama mimi. Mzee akauliza ni nani aliyempasua mnyama huyu.

Nilifungua mdomo nimtaje Mureithi. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini Winny alikuwa amelala kwenye mapaja yangu, amenishika kidole, hataki kuachia. Nikasema ni mimi.

Mzee akainamisha kichwa. Alisema mamake alikuwa akitia nyongo kidogo kwenye nyama, kwa makusudi, na tangu wamzike hajaonja tena uchungu ule. Kwamba watu wa mjini wanaharibu nyama kwa nyanya. Akaomba aongezewe, na mchuzi pia. Akafuta macho kwa kiganja. Nami nikafuta yangu, na safari hii sikusingizia kitunguu. Akasema binti yake anaweza kubaki.

Jikoni, Beldina aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anajua vizuri nyongo nimeipasua kwa bahati mbaya. Akaonja kipande, akakunja uso, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa nimekikosa sana kicheko hicho. Ana sharti moja tu: Baba Winny asitie tena samaki kwenye tangi. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee ameondoka baada ya kanisa, amebeba mguu mzima wa nyuma. Winny anachora mbuzi ukutani. Beldina anaimba jikoni. Mimi ni mtu mwenye bahati, na nimebadilika.

Mureithi ameuliza chakula kilipokelewaje. Nimemjibu kwamba uchungu ulipimwa kitaalamu. Ameniangalia sana. Kisha akaomba ngozi. Nimemnyima. Si mjinga mimi. Ngozi ya mbuzi ukiilainisha vizuri unawamba ngoma, na kila kanisa la hapa lina kwaya, na kila kwaya inataka ngoma. Pesa imelala kwenye ngozi na watu wanaitupa!

Inataka tu kulowekwa siku kadhaa. Maji mengi, giza, mahali Beldina hatapitapita. Nilipanda nayo asubuhi wote wakiwa bado wamelala, nikafunika vizuri. Na sharti nimelitimiza. Hakuna samaki hata mmoja mle ndani.

Nasikia mfereji jikoni. Beldina anapika chai. Ameacha kuimba. Ananiita, anauliza mbona maji yana manyoya.