Védastine na Mtaro Uliokabwa Koo

Sogeeni, enyi wa kando ya Rusizi, wa ng'ambo hii na ng'ambo ile! Tueni mizigo, nyamazisheni watoto, mpate kusikia habari za Védastine binti Ntabaza, mvuka daraja mara mbili, aliyekimbilia Bukavu na kilio mwaka wa tisini na nne, akarudi baada ya miaka miwili na godoro kichwani, na ambaye siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, alipigana na maji ya mvua.

Maji hayo yalikuwa jeuri. Yalishuka kilimani kama jeshi lisilolipwa mshahara, yakapita uani kwa jirani wa juu, Maman Épiphanie, bila hodi, yakauingia mtaro wa mawe wa zama za Wabelgiji. Lakini pale mtaro unapozama chini ya barabara, koo lake lilikuwa limeziba, basi maji yakageuka na kuingia kwa Védastine. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umelowa hadi magotini. Mvua moja tena, nyumba ingelala chini, na Védastine alilijua hilo kwa hofu.

Asubuhi ile, mbele ya majembe ishirini, mbingu ikanguruma. Shujaa akapanda jiwe, akamhutubia jirani yake:

"Weye Épiphanie! Miye nilikimbia, weye ulibakia. Nilificha sufuria yangu ya harusi mu huu mutaro, nikaifunika na udongo. Kurudi, haiko! Ulikula sufuria, sasa unanitumia na maji?"

Épiphanie, mama wa subira, akaegemea jembe. "Maman Védastine, maji haina kwetu. Inatoka kwa Mungu, inapita kwangu, inashuka kwako. Na hiyo sufuria, ningekuwa nayo, ningepikia mu mukebe ya mafuta ya musaada? Bantu bote banaona!"

Tone la kwanza likaanguka. Védastine akapiga magoti, akazamisha mkono hadi begani, akashika kitu cha chuma. Akavuta, maji, adui wake, nayo yakavuta. Ndipo Épiphanie, aliyetukanwa punde tu, alipotupa jembe na kumkamata kiuno. Mara ya tatu koo likatapika: tope, majani ya migomba, kandambili moja, na sufuria kubwa, ambayo maji yaliisukuma mpaka pale kutoka maficho yake. Mtaro ukacheua, maji yakaenda zake mtoni.

Aibu ilimchoma Védastine kuliko pilipili.

"Kumbe ni miye niliuziba," akasema.

"Ni weye," Épiphanie akakubali, akimfuta tope shavuni.

Mvua ikanyesha hadi jioni, na chumbani kwa watoto halikuingia hata tone. Sufuria ikasuguliwa kwa majivu mara tatu, ikapikiwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kabla mtoto yeyote hajaonja, Védastine akaibeba kwa mikono miwili hadi kwa jirani.

"Anza weye."

Épiphanie akaonja, akatoa hukumu: "Chumvi ni kidogo." Wakala wote.

Wenye kuteka miji wamekwisha kusahauliwa. Lakini hapa kwetu, mvua ikianza, watu husimama milangoni wakayaambia maji: piteni, Védastine amewafungulia njia, na sufuria iko jikoni.