Bwana Harusi wa Kukodi

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe amenikabidhi matangazo ya mtandaoni ya duka lake la kukodisha nguo za harusi. Hatimaye! Mtu akitafuta maneno fulani, tangazo letu linamtokea. Akibofya, anafika kwenye ukurasa niliouchagua mimi. Shemeji, mdogo wa mke wangu na fundi wetu wa kushona, kajitia ujuaji. Ati anayetafuta gauni apelekwe kwenye magauni, wa suti kwenye suti. Mawazo ya sindano. Mimi nawapeleka wote kwenye picha yangu, suti ya krimu, mkono mfukoni. Mteja anataka kwanza sura ya kuaminika.

Jumanne, 4 Juni
Wamebofya wengi ajabu. Aliyekodi, hakuna. Shemeji anasema wanatafuta gauni, wanakutana na mimi, wanakimbia. Wivu. Nimeongeza maneno mapya, "bwana harusi", na chini ya picha nimeandika kwa herufi kubwa: KODI LEO, RUDISHA JUMATATU.

Alhamisi, 6 Juni
Simu haipoi. Ushindi! Ila maswali yao siyaelewi. Mama mmoja kauliza urefu wangu, maana binti yake ni mrefu. Nimemjibu kwa heshima kwamba tuna saizi zote.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Kaingia binti mmoja na shangazi zake wawili. Harusi kesho, bwana harusi kaingia mitini. Wanamtaka yule wa kwenye picha, asimame tu mpaka wageni waondoke. Mke wangu yuko kaunta. Alinitazama, nikajifanya napanga viatu. Mama mkwe akawasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mchukueni. Mkimchafua, msimrudishe."

Shangazi mkubwa akanizunguka, akanikagua, akasema kwenye picha nilikuwa na nywele. Binti akaangua kilio. Shemeji ndiye aliyemkalisha, akamletea maji, wakanong'ona weee. Mwisho binti kaondoka na gauni jekundu. Chakula kimeshaagizwa, kasema. Wageni watakula, na yeye atacheza, bwana awepo asiwepo.

Jumapili, 9 Juni
Matangazo kapewa shemeji. Kila neno sasa lina ukurasa wake, na tangu jana magauni yanatoka kama maandazi ya moto. Mimi nimewekwa kwenye pasi.

Nimetafakari sana huku napiga pasi mashela. Kosa nimeliona: picha ilikuwa moja tu! Mtu atakuaminije kwa upande mmoja? Bahati nzuri shemeji hajabadilisha nywila. Kesho naweka tatu. Moja nimevaa kofia.