Sketi Inayopungua na Kuongezeka

Jumatatu, 6 Mei
Binti yangu amekigeuza kioo cha wateja kikatazama ukuta. Mteja wa asubuhi kapima gauni bila kujiona, kaondoka ameridhika kuliko wote. Nimemuuliza binti kioo kimemkosea nini. Hakuna kitu, mama. Ana miaka kumi na minne na "hakuna kitu" yake ina vyumba vingi. Chai na mkate kaviacha mezani. Natamani kuchungulia kichwani mwake, hata kwa tundu la sindano.

Jumanne, 7 Mei
Nimedokezwa na jirani. Wifi yangu alimwambia binti mbele ya watu: wee mtoto, sketi hiyo karibu itaomba talaka. Watu wakaangua kicheko. Leo nimemwona nyuma ya mlango akivuta tumbo ndani ili zipu ifunge. Lakini mama yake ni fundi cherehani. Akienda kuoga nitalegeza kiuno cha sketi kimyakimya. Ataivaa, itamteleza, atafurahi, atakula. Mpango hauna tundu.

Jumatano, 8 Mei
Sketi imeteleza. Kioo kimegeuzwa tena kikatazama chumba. Nimekumbatiwa hadi futi ya kupimia iliyo shingoni ikanikaba. Kisha kaninong'oneza kwamba dawa yake inafanya kazi. Dawa gani? Kuacha chakula cha asubuhi. Sasa anaacha na cha mchana.
Nimekaa juu ya pini. Sikuisikia.

Alhamisi, 9 Mei
Marekebisho. Sketi ikibana tena, ataona kujinyima hakusaidii, atakula. Nimekibana kiuno. Nilikuwa namfikiria wifi, mkono ukapitiliza. Zipu imegoma katikati. Binti kakaa kitandani anaitazama zipu. Angelia ningejua la kufanya. Chakula cha jioni kimerudi jikoni kama kilivyotoka.

Ijumaa, 10 Mei
Kaanguka mstarini shuleni. Nimekimbia na futi shingoni, kiatu kimoja cha kwangu, kingine cha mteja. Nimemkuta anakunywa maziwa. Muuguzi kaniambia mwili wa umri huu unajenga nyumba, lazima uletewe matofali. Kaniuliza binti analalaje, anawaza nini. Kiuno chake nakijua hadi nusu inchi. Hayo sikuyajua.
Njiani nimemwambia yote kuhusu sketi. Kasimama. Yaani mama, nilidhani nimerukwa na akili, juzi mwembamba, jana mnene. Kacheka hadi kashika ukuta. Kisha kilio. Kasema kila akiinua kijiko anasikia vile vicheko. Darasani hanyooshi mkono, asije akasimama watu wakamtazama. Nimesikiliza hadi nyumbani bila kumkatiza, jambo ambalo mume wangu hajawahi kuliona. Kala sahani nzima. Kaomba Jumatatu twende tena kwa muuguzi, wote wawili.

Jumapili, 12 Mei
Wifi kaja, majirani waliocheka siku ile wamo barazani. Kabla hajakaa nimemwambia mbele ya watu walewale: dada, habari za mwili wa mwanangu uziache mlangoni pamoja na viatu. Kanuna. Chai kanywa vikombe viwili.
Jioni binti kaniapisha: sitagusa tena sketi yake, si kuongeza, si kupunguza. Akiwa na neno ataniambia kwa mdomo, nami nimuulize kwa mdomo. Nimeapa kwa moyo wote. Mtoto ana hekima, sijui kaitoa kwa nani.
Blauzi hakuitaja. Nimeona inamvuta kidogo mabegani. Kesho akiingia kuoga.