Mashine ya Ipuli Haijawahi Kukosea

Mheshimiwa mwenyekiti wa sherehe, waheshimiwa wajumbe wa kamati ya maandalizi na wa kamati ya kuikagua kamati hiyo, wageni wa Urambo na Sikonge mliokula vumbi kwa ajili yangu, nanyi wagonjwa, ambao bila ninyi sisi wataalamu tungekosa kazi: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, hata kama hamjaniamkia. (Meza kuu inacheka.)

Mimi Revocatus, mratibu mkuu wa mradi, natangaza kwamba hapa Ipuli kubahatisha dawa kumekwisha. Zamani ulipewa antibayotiki hii, ikishindwa ukapewa ile, huku vijidudu vinazizoea na kuota usugu. Sasa, kwa mchakato shirikishi wa kiotomatiki na kidijitali, usaha wako unaingia kwenye mashine, nayo inataja dawa ya kuviua. Usahihi ni asilimia mia, narudia, mia, kwani tangu mradi uanze mwezi uliopita, mashine haijatoa hata jibu moja la uongo! (Makofi, vigelegele.)

Mama, maswali baadaye... Haya, sema.

(Kuluthumu, mtoto mgongoni: "Shikamoo baba. Huyu Zamda wangu kidonda kinamla mguu, dawa ya tatu hii imeshindwa. Mlimchukua usaha, leo siku ya kumi na moja. Mashine imesema tumpe dawa gani? Mguu unanuka, baba yangu.")

Marahaba, mama. Swali lako limo kwenye mpango mkakati. Zamda ni wa kwanza kwenye orodha, na orodha imeshafanyiwa upembuzi yakinifu, kwa hiyo usiwe na presha. (Sauti nyuma: "Angekuwa wako ungengoja?" Mgambo anageuka, haoni mtu.)

Mradi hoyee! Usugu ziii! (Watu watatu tu: "Ziii.")

Kabla ya pilau, shukrani. Namshukuru fundi Ngollo kwa kutuazima kabati, tukalifunika kitambaa, mkapiga nalo picha, wakati mashine yenyewe bado inatafutiwa mfadhili. Na wewe mama, asante kwa usaha wa mwanao: hatujaupeleka popote, tumeutunza kwenye friji, pembeni ya soda za wageni.

(Soda zinawekwa chini, moja moja. Kuluthumu ameshafika kwenye friji: "Nipeni kichupa cha mwanangu.")