Dalali Aliyeogopa Mkate

Marlen Sadyrov alimwona msichana kabla msichana hajamwona yeye, na katika kazi yake hiyo ni nusu ya ushindi. Msichana alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa chuo cha udaktari, masanduku mawili miguuni, ramani ya Bishkek mkononi, akipiga duara kwa penseli, akilifuta, akilipiga tena palepale. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba. Wiki hiyo wanafunzi wa kigeni humiminika mjini kama kumbikumbi, na Marlen, aliyeishi Agosti nzima kwa chai na ahadi, alijilainisha nywele kwa kiganja.

Tumtendee haki kabla ya kumsema. Marlen hakuwa jambazi; hajawahi kuvunja mlango wala kumgusa mtu. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, koti la ngozi la shemeji yake, na miaka arobaini na moja aliyoimaliza bila kuajiriwa hata siku moja. Aliwadanganya polisi, alimdanganya mama yake mzazi, na siku ya sensa alimwambia karani kwamba yeye ni mfugaji wa nyuki. Kitu kimoja tu hakukiweza: kusema uongo akiwa ameshika mkate. Bibi yake alimtisha utotoni kwamba anayedanganya juu ya mkate, mkate humkimbia mpaka kaburini, na somo likamkaa. Ndiyo maana wateja aliwanywesha tu, tena kwa kusimama, kwenye pipa la maksym, kinywaji cha nafaka iliyochachuka, kando ya barabara. Mezani na mteja hakai.

"Dada, hapo usipige duara," alisema. "Mbwa wa mtaa huo wanajua ratiba ya chuo kuliko wahadhiri."

Msichana aligeuka. Alikuwa Devyani Solanki wa Rajkot, Gujarat. Kirusi alifundishwa miezi mitatu na mwalimu mstaafu, akikiongea polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Na wewe ni nani, kaka?"

"Marlen. Mji huu naujua kama mfuko wa koti langu."

Koti, tumeshasema, lilikuwa la shemeji, lakini mifuko aliijua kwelikweli.

Walisimama kwenye pipa, vikombe vya maksym mkononi, Devyani akasema ana maswali manne kuhusu mtaa wowote atakaokaa. Chuo ni dakika ngapi kwa miguu? Moshi wa majira ya baridi ukoje? Maji ya moto hukatwa lini? Na majirani ni watu wa namna gani?

"Maswali ya profesa hayo," Marlen alimvika kilemba cha ukoka.

"Ya mama. Ameuza bangili zake nne za harusi nilipie nyumba ya mwaka mzima. Kila bangili na swali lake. Pesa hii ikipotea, kaka, sina mwaka wa pili. Narudi Rajkot kupima bizari dukani."

Kitu kilimkereketa Marlen kifuani. Alimeza maksym, kikashuka.

Mpango wake ulikuwa mwepesi, na mipango myepesi ndiyo inayouza. Shangazi Batma alikuwa Karakol akimuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Huku nyuma alimwachia Marlen ufunguo wa nyumba yake ili amwagilie maua. Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye ua wa zamani wenye mialoni, karibu na chuo. Marlen angeipangisha kwa mwaka mzima, pesa mkononi, na shangazi akirudi angemkuta Mhindi kitandani na mpwa wake keshatorokea mji wa Osh, ndani ya gari jeupe ambalo alikwisha kulichagulia hata vifuniko vya viti.

Lakini fundi haanzi na bidhaa nzuri. Kwanza alimpeleka kwenye makazi mapya ya pembezoni, ambako Septemba hewa ni tamu na mlima unaonekana mpaka kileleni. Dalali mchanga angepasifia. Marlen akasema kweli tupu: ikifika Novemba kila nyumba itachoma makaa, na humwoni hata aliyekushika mkono. Kisha akampeleka nyuma ya ukumbi wa harusi, akasema kweli tena, kwamba hapo utasoma mifupa ya binadamu kwa ngoma za watu wanaooana kila siku ya Mungu. Devyani aliandika yote kwenye daftari. Ukweli, kwa Marlen, ulikuwa chambo, na siku ile alikitumia bila ubahili.

"Na hapa?" Devyani aliuliza, waliposimama hatimaye chini ya mialoni.

"Hapa nimezaliwa, dada. Nyumba ya urithi. Siipangishi kwa kila mtu."

Devyani alikuwa amepima mwendo kwa saa: dakika tisa kutoka chuoni. Alifungua mabomba. Aligusa zulia la manyoya ukutani. Jikoni alisimama kitambo mbele ya friji, penye karatasi iliyobandikwa kwa sumaku.

"Hii ni nini?"

"Mapishi ya mpangaji wa zamani," alisema Marlen, akaibandua na kuikunja haraka.

"Sawa. Nyumba nimeipenda, kaka. Limebaki swali la nne."

"Majirani? Malaika watupu. Hata huwasikii."

"Kwetu mtu hahamii mpaka aombe jirani kijiko cha mtindi wa kugandishia maziwa. Akikupa, unakaa. Akikunyima, unatafuta mtaa mwingine."

Papo hapo Devyani akatoka na kikombe kitupu, akagonga mlango wa pili. Akafungua Mama Sairagul, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyewahi kumrudisha Marlen darasa la tatu mara mbili. Alimtazama msichana, akatazama kikombe, akamtazama Marlen aliyejibanza nyuma ya mlango.

"Anahamia? Hapa kwetu?"

"Anaangalia tu, mama," Marlen aliwahi.

"Aangalie nini? Mtindi atapata. Na kesho saa sita mchana namfanyia orulyuk."

Hakuna orulyuk bila mkate. Mgeni akihamia ua, majirani humlisha wao kabla hajawasha jiko lake, na hiyo ndiyo orulyuk. Kuikwepa ni kuwatukana watu wa ua mzima. Marlen akakumbuka ghafla kwamba kesho ana ugonjwa.

"Basi pole," alisema Devyani. "Nilitaka nikupe pesa hapohapo, mbele ya majirani. Ndivyo mama alivyoniagiza."

Ugonjwa ukapona.

Kesho yake walikaa watu tisa kuzunguka kitambaa kilichotandikwa sakafuni: borsok zilizoumuka kama maandazi madogo, malai mazito, jamu ya aprikoti, na mikate ya tanuri yenye ufuta juu. Marlen alijikalisha pembeni kabisa, mikono chini ya kitambaa. Alikuwa mwenye heshima kupita kiasi, dalili mbaya kwa waliomjua.

Majirani walishughulika na mgeni.

"Nyama huli kabisa?" aliuliza mzee wa ghorofa ya juu.

"Kabisa, baba."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

"Masikini. Amepimwa lakini?"

"Muache mtoto," alisema Mama Sairagul. "Malai anakula, ataishi."

Devyani alitoa bahasha nene, akaiweka katikati ya kitambaa, ubavuni mwa mikate. Marlen aliiona, akaona na gari jeupe, vifuniko vya viti na vyote. Alikwisha kunyoosha mkono. Mama Sairagul akavunja mkate, akaanza kugawa kulia kwenda kushoto kama inavyopasa, na kipande kikubwa kuliko vyote kikatua kwenye kile kiganja kilichokuwa njiani kuelekea bahasha.

"Shika, mwanangu," alisema. "Mkate haukataliwi."

Marlen alishika.

"Sasa tuambie, kabla huyu binti hajatoa bangili za mama yake. Ile nyumba ni ya nani?"

Marlen alitazama jamu, akatazama dari, akatafuta ndani ya kichwa chake uongo mmoja tu, hata mdogo. Ulimi ulikuwa mzito kama unga mbichi. Mkate ulikuwa bado wa moto.

"Ya shangazi Batma," alisema.

"Na yeye anajua?"

"Hajui."

"Na maua?"

"Sijayagusa tangu aondoke."

Mama Sairagul alinyanyua simu iliyokuwa imelala chini ya leso yake. "Umesikia, Batma?"

"Nimesikia," simu ilijibu kutoka Karakol. "Hata lile waridi, Marlen? Hata lile? Nikija nitakufinya masikio mbele za watu. Sairagul, mguu wa dada haupandi ngazi mpaka masika ya mwaka ujao, nilikuwa natafuta mtu wa kukaa pale. Binti akae mwaka wote, nikirudi tutakaa wawili. Alipe nusu ya alichotajiwa na huyo mshenzi, na awe ananimwagilia."

Devyani aliifungua bahasha, akaigawa mara mbili, nusu moja kwa Mama Sairagul na nusu kifuani kwake. Alizihesabu noti mara tatu, akakosea mara mbili. Ndipo Marlen akajua kwamba msichana aliogopa tangu jana.

"Ulijuaje?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Karatasi ya friji, kaka. 'Marlen, maua Jumatatu na Ijumaa, na usilale na viatu kitandani. Shangazi.' Kusoma Kirusi nilijifunza kabla ya kuongea. Jana jioni nikamweleza Mama Sairagul, naye akanieleza habari yako na mkate."

Marlen aliona aibu, aibu ya kweli, na chini yake, kwa mshangao wake, aliona nafuu. Hakujua aifanyie nini. Alikula vipande vinne na malai yote yaliyobaki.

Wiki moja baadaye alirudi kwenye ubao wa matangazo, kwani mtu hula kwa kazi anayoijua. Palikuwa na mwanafunzi mgeni wa Peshawar, masanduku mawili, ramani, penseli. Duara lake lilikuwa palepale pa Devyani siku ile.

"Kaka, hapo usipige duara," alianza Marlen, koti limemkaa vizuri. "Mbwa wa mtaa huo wanajua ratiba ya chuo..."

"Wewe ndiye kaka Marlen?" Mwanafunzi alitabasamu kwa adabu, akafungua begi, akatoa mkate wa tanuri uliofungwa kitambaa. "Dada Devyani anakusalimu sana. Ametuambia wageni wote tusiulize kitu kabla hatujala na wewe."

Akamwekea kipande mkononi. Nyuma yake wanafunzi wengine watatu walikuwa wanafungua mabegi.

Marlen hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana, na ufuta ulinukia mno.

"Mbwa wako wapi hasa, kaka?" aliuliza mwanafunzi, penseli tayari.

Marlen alimeza mate.

"Hakuna mbwa," alisema. "Ni mtaa mzuri."