Zamu ya Sauti

"Mama, shika simu vizuri!"

"Nimeshika! Ni wewe husikii! Maji ime... ghala... pam..."

"Pampu imefanyaje? Sema sentensi nzima!"

Mama Oyugi wa Ahero alikuwa akigombana na Salme wa mapokezi kwa mara ya nne asubuhi hiyo. Salme alikuwa anashinda, maana maneno ya mwenzake yalifika nusu.

Naomba kutangaza, kwa fahari, kwamba Idara ya Kusikiliza Wananchi, tawi la Kisumu, imehamia kwenye simu za intaneti. Simu kumi na mbili, kila moja na kioo chake. Simu za mkononi zimepigwa marufuku kazini kwa waraka. Na ombi la mwananchi hutambulika tu likisikika kwenye simu ya ofisi, mwanzo hadi mwisho.

Mama Oyugi alitaka pampu. Pampu ilikuwa uani kwetu, juu ya lori, imejazwa mafuta. Mchele wa kikundi chake, mavuno ya msimu mzima, ulikuwa ghalani, na mto ulikuwa mlangoni. Kilichokosekana ni sentensi nzima.

Mimi ndiye fundi wa mitambo. Nina diploma na watoto watatu, kwa hiyo kuzungumza na watu wasiosikia nimezoea. Nilibadilisha nyaya. Nikazima mtambo, nikauwasha. Mwisho nikafungua mpangilio wa intaneti, nikauona ugonjwa.

Intaneti yetu ni ndogo. Ikijaa, kila kitu hupita kwa zamu, na zamu hizo zilipangwa na kamati kwa kuzingatia itifaki, kama viti vya sherehe. Ya kwanza, televisheni ya Mkurugenzi. Ya pili, kompyuta ya naibu wake. Ya mwisho kabisa, chini ya kamera ya maegesho, sauti ya mwananchi.

Nikampelekea habari Mkurugenzi Ondiek. Alikuwa akitazama mpira, picha safi kabisa.

"Mzee, sauti ipite kwanza."

"Mama Sheryl, mwananchi amtangulie Mkurugenzi? Uliona wapi?"

"Kwenye kitabu cha hizi simu, ukurasa wa tatu."

"Kitabu hakina cheo. Tatizo ni wananchi. Hawajui kushika simu."

Akaondoka mwenyewe kwenda Ahero kuendesha Semina ya Kushika Simu, akiwa na bango la mita nne. Televisheni aliiacha ikiwaka, ofisi isionekane tupu.

Saa sita simu ikalia. Salme akaweka sauti ya juu.

"Mku... genzi... gari... maji..."

"Tafadhali ongea polepole, mbali na upepo," Salme akasoma kwenye mwongozo.

"Ni... Ondi..."

"Jina kamili na kijiji?"

Neno lililofuata lilikatika katikati, na kwa heshima ya ofisi nashukuru.

Salme akafunika simu kwa kiganja. "Mama Sheryl, huyu si Mzee?"

"Ndiye."

"Sasa? Kubadilisha zamu kunataka sahihi yake."

"Na mwenye sahihi yuko majini."

Nikafungua mpangilio. Sauti juu, televisheni chini. Sekunde tano.

"...na huyu bwana yenu amepanda juu ya gari yake!" Alikuwa Mama Oyugi, ameinyakua simu ya Mkurugenzi. "Mchele ya watu inaloa! Leteni pampu hapa ghalani saa hii, yawa!"

Sentensi nzima, mwanzo hadi mwisho.

Nyuma yake mtu alipiga kelele, kila silabi ikifika. "Gari langu kwanza! Mimi ni Mkurugenzi!"

"Tumekusikia, Mzee," nikamwambia. "Wewe ni namba mbili."

Nikaandika kwenye fomu: ghala kwanza, gari baadaye. Nikagonga muhuri, nikamkabidhi dereva, na lori likatoka.